Mvulana wa Vibendera Viwili

Mtoto wa mdogo wangu aliniambia, tukinywa chai, na biskuti iko mdomoni mwake, kwamba mama yake hajui mtu tena.

"Mama Mkubwa," akasema, "tusidanganyane. Hapa Dubai na kule Mombasa kwake ni mamoja. Nitamrejesha nyumbani, nimtafutie chumba na mtu wa kumtazama. Hapa mambo ya bima yamekuwa kazi, na zamu zangu za hotelini unazijua."

"Nani kakwambia hajui mtu?"

"Daktari kasema haijulikani."

"Haijulikani siyo hajui. Na umeze kwanza ndipo useme."

Akameza. Si mtoto mbaya. Tangu mama yake apigwe na kiharusi, yeye ndiye anayemwosha anapokuwa hana zamu, na mwanamume wa kumwosha mama yake si wa kutukanwa. Lakini alikuwa amechoka, na mtu akichoka huanza kumzungumza mgonjwa mbele yake kama anazungumza habari ya kabati. Mdogo wangu alikuwa palepale, kitini karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, mdomo umevutwa upande. Maneno yote yalimtoka siku moja na hayakurudi.

Nikamwambia, "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuonyesha kwamba mama yako yumo."

"Ukinionyesha yumo," akasema, "wallahi habanduki hapa. Nitabanana na hiyo bima."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Na niseme wazi, sikuyafanya kwa ajili yake tu. Mimi sikutaka aondoke. Nilikuja mji huu kwa sababu binti yangu alifiwa na mumewe, akabaki na mtoto mdogo, na basi la shule linamshusha mtoto mchana wakati mamake yuko ofisini. Lazima awepo mtu wa kumpokea, na mtu mwenyewe ni mimi. Tunakaa Silicon Oasis, ghorofa ya juu, ambako lifti inasema kuliko majirani. Mjukuu wangu ni msichana mwema, lakini Kiswahili chake ni cha kuomba maji. Akishakula huvaa vile vidude vyake masikioni, na mimi nakaa nikisikiliza kiyoyozi. Ninajua watu kwa salamu: mlinzi wa Kiganda pale chini, Mhindi wa duka. Mtu aliyenijua nikiwa na meno ya utoto alikuwa mmoja tu mji mzima, naye alikuwa Al Garhoud kwa mwanawe, karibu na uwanja wa ndege. Kila asubuhi alikuwa akinipigia simu kuniuliza ninapika nini, kisha kunieleza kwa nini nitakiharibu. Baada ya kiharusi simu yangu ikawa ya kuangalia saa.

Niliporudi nyumbani siku ile nilivuta sanduku chini ya kitanda nikatoa kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha Kizungu. Nakifunga kwa kanga kuukuu na karafuu chache ndani, wadudu wasikile. Ni kinene kama tofali, jalada la kitambaa chekundu, na juu yake mvulana wa Kizungu amepiga goti na bunduki, nyuma yake nyasi, ndani ya nyasi jicho la chui. Maandishi yalikuwa ya rangi ya dhahabu, sasa yamebaki nusunusu. Binti yangu alipokiona mara ya kwanza tukipakia mizigo alisema nichague, kitabu au kilo zangu za unga wa muhogo. Unga nikauacha. Baadaye akasema wapo watu Al Quoz, kwenye yale maghala yaliyogeuzwa kumbi za sanaa, ambao wangekitia ndani ya kioo wakitundike ukutani. Nikamwambia nitundikwe mimi kwanza.

Baba yetu alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja, Mombasa. Wakati Wazungu walipokuwa wakifunga virago, huyu bwana akamwita baba akampa kitabu hiki. Akamweleza kwamba kwao, tangu enzi za utoto wake, ilikuwa ada kila mwaka kutolewa kitabu kipya cha namna hii kwa watoto wa kiume, kimejaa hadithi za safari na vita na wanyama, nao hukingojea kama sisi tunavyongojea nguo za Idi. Hiki alipewa yeye akiwa na umri wa kaka yetu. Kwa hiyo kilikuwa kizee kuliko baba. "Wape wanao wa kiume," akasema.

Baba alifanya kama alivyoambiwa. Kaka zetu wakatazama picha, wakagombania ile ya meli iliyonaswa na barafu, wakachoka. Baadaye kitabu kikawa cha kukanyagia wakitaka kufikia rafu ya juu. Alama ya kisigino ipo mpaka leo kwenye jalada la nyuma. Hapo ndipo nilipokichukua, na hakuna aliyekiulizia.

Sikujua kusoma Kizungu na sijui vizuri mpaka leo. Nilikwenda chuoni nikahitimu Kurani, basi. Shule ya serikali kwetu msichana hakupelekwa. Lakini picha sihitaji mwalimu. Nilizitazama zote, na nikaona mambo. Mtu mweusi kwenye kitabu kile ana kazi mbili, kubeba mzigo na kukimbia. Mvulana wa Kizungu yeye hachoki, hatoki jasho, hana mama. Wanaanguka baharini, wanaibuka nywele zimechanwa. Mwanamke hayumo. Nilipekua kuanzia mwanzo mpaka mwisho nikitafuta hata anayefagia nyuma ya nyumba, hamna. Nikajiuliza hao wavulana nani anawapikia. Labda baba.

Lakini katikati, mbali na hadithi, palikuwa na kurasa za kufundisha kazi za mkono: kutengeneza tiara, kufunga fundo la kamba, kuwasha moto penye mvua. Na ukurasa mmoja ulikuwa na picha ndogondogo zimepangwa safu safu, zote za mvulana mmoja yuleyule, kaptura na kofia, ameshika vibendera viwili. Hapa mkono mmoja uko chini, pale umenyooshwa begani, pale mmoja juu na mwingine chini. Uso wake haubadiliki. Chini ya kila picha pana alama. Mimi nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: huyu anasema bila sauti. Kila picha ni neno.

Na bila sauti ndicho nilichokuwa nikikihitaji. Mdogo wangu alikuwa hakai kwetu. Shangazi yetu hakuwa na mtoto, kwa hiyo mdogo wangu alipoacha ziwa alipewa yeye amlee, kama ilivyokuwa desturi, na nyumba ya shangazi ilikuwa ng'ambo ya njia, dirisha kwa dirisha na yetu. Tulipokuwa wadogo tulicheza pamoja njiani na haikuwa shida. Shida ilikuja tulipovunja ungo, mimi kwanza, yeye mwaka uliofuata. Tukawekwa ndani. Kutoka hakuna, na kupiga kelele dirishani hakuna, maana sauti ya mwanamwali haisikiki njiani. Kati yetu palikuwa na upana wa mikokoteni miwili kupishana, na tukawa kama tuko nchi mbalimbali.

Nikamtumia kitabu kwa mwanamke aliyekuwa akitufulia, kimefungwa ndani ya nguo chafu, ukurasa ule umekunjwa sikio. Akakaa nacho, akanirudishia. Siku ya pili nilisimama dirishani na kipepeo cha ukindu kila mkono, kile cha kupepea moto. Mtu akiniona, najipepea tu kwa joto. Yeye akasimama kwake na vya kwake.

Maneno tuliyatunga sisi, kwa kuonyeshana kidole na kukisia mpaka tukaelewana. Picha ya kwanza kwenye safu, mkono mmoja chini kando ya paja, tukaifanya "Nipo." Ya pili, mkono umenyooshwa sawa na bega, "Kuna mtu." Nyingine zilizofuata zilikuwa "Leo samaki," "Leo mchicha tena," "Shangazi kalala," "Umenuna?" Ya mwisho, mikono yote chini mbele, ilikuwa "Basi," na aliyefanya "Basi" kwanza ndiye aliyeshinda ugomvi. Tuligombana kwa vipepeo mpaka mabega yakauma.

Na ilikuwapo moja, mkono mmoja wima juu, umenyooka kama mlingoti. Hiyo aliichagua mdogo wangu mwenyewe, na maana yake ilikuwa "Nataka kurudi kwetu." Maana shangazi alikuwa akimlisha vizuri na kumvisha vizuri, lakini yeye alituona sisi ng'ambo, tumejaa, tunacheka, naye yuko na watu wazima wawili. Alikuwa akiinua mkono ule jioni, watu wakienda msikitini. Mimi nikaenda kumwambia mama. Mama akasema mtoto aliyepewa mtu harudishwi kama kikombe, na nisimtie aibu na wifi yake. Basi. Nilirudi dirishani nikamkuta mkono bado uko juu, nami sina picha ya kumjibu. Hatukutunga neno la "haiwezekani."

Nilipokwisha kuzaa watoto wanne ndipo nikaingia darasa la ngumbaru, nikajifunza herufi. Siku moja nikafungua ukurasa ule nikaona kwamba zile alama chini ya picha ni herufi tu, moja moja. Hayakuwa maneno kamwe. Yule mvulana miaka yote alikuwa akisema a, be, che. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka wali ukaungua. Nikamwendea mdogo wangu, naye wakati huo ana nyumba yake, nikamweleza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi Wazungu wamekosea."

Huyo ndiye mtu niliyeambiwa hajui mtu.

Nilikipeleka kitabu Al Garhoud siku iliyofuata, baada ya kumtia mtoto ndani ya basi la shule. Basi hadi stesheni, kisha treni. Mlango nilifunguliwa na mama anayemtazama mgonjwa mchana, mwanamke mzima mwenye watoto wake kwao upande wa Nyeri.

"Karibu shosho! Leo amekula uji wote."

"Mimi si shosho. Mimi ni bibi."

"Sawa, shosho."

Nikamwekea mdogo wangu kitabu mapajani, nikafunua ukurasa. Nikachukua mkono wake mzima, wa kushoto, nikaupitisha juu ya picha. "Unamwona? Unamkumbuka huyu?" Macho yake yakapita juu ya ukurasa kama yanavyopita juu ya meza. Akageukia dirishani. Ndege ilikuwa ikishuka, kubwa, karibu mno, vioo vikatetemeka. Akaitazama mpaka ikapotea.

Nilikaa naye mpaka wakati wa kumwahi mjukuu. Nikaenda tena kesho yake na keshokutwa. Nilimsomea majina ya samaki. Nilimtukana, kwa maana alikuwa hapendi kutukanwa bila kujibu. Hakuna kitu. Njiani nikirudi nilikuwa nikimtetea mbele ya mwanawe moyoni mwangu, na utetezi wenyewe ulikuwa unapungua. Nilianza kufikiri kwamba daktari na yule mtoto wana haki, na kwamba mimi nazungumza na nyumba ambayo watu wamehama.

Kisha nikajiona mjinga. Nilikuwa nikinawa mikono jikoni kwao, nikaona miiko miwili imelala kwenye sinia. Nikawaza: yule aliwahi lini kuyaona maneno yetu kwa karibu? Ukurasa alikaa nao siku moja tu. Maisha yake yote aliyaona kwa mbali, dirishani, mwanga uko nyuma ya mtu. Mimi namtilia kitabu puani.

Nikachukua miiko. Nikamwambia yule mama wa Nyeri amsogeze na kiti chake mpaka ukuta wa mbali, karibu na mlango. Mimi nikaenda dirishani, nikavuta pazia lote, nikasimama mgongo kwa jua.

"Shosho, unafanya nini? Unataka kuongoza ndege?"

"Nyamaza wewe."

Nikashusha mkono mmoja kando ya paja na mwiko ndani yake. Picha ya kwanza. *Nipo.*

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikangoja. Nikaukunja, nikaushusha tena. Bega langu si la utoto tena, linalia kama bawaba. Nikarudia. Akainua kichwa. Akanitazama, siyo uso, akatazama mikono. Na mkono wake wa kushoto ukatoka pajani ukaning'inia kando ya kiti, ukatengana na mwili kidogo, ukatulia hapo, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu.

*Nipo.*

Sikulia. Nilikuwa na miiko. Nikanyoosha mkono sawa na bega, *Kuna mtu*, nikamwonyesha kwa macho yule mama wa Nyeri, na mdomo wa mdogo wangu, ule upande mzima, ukapanda. Alikuwa anacheka. Eti hajui mtu!

Halafu akainua mkono juu. Wima. Kiwiko kilitetemeka lakini akakinyoosha, akanitazama.

"Eeh, hiyo ndiyo yake," yule mama akasema nyuma yake, kwa furaha. "Hiyo huifanya kila siku nikimgeuzia dirishani. Kwetu kanisani mtu akiinua mkono hivyo tunajua ameguswa. Mimi huinua wangu pia, asiwe peke yake."

"Kila siku?"

"Kila siku, shosho. Tangu nianze kazi hapa. Jioni zaidi."

Niliketi kwenye ukingo wa dirisha, miiko mapajani. Mdogo wangu hakushusha. Nilihesabu moyoni ni nani wamepita mbele ya mkono ule tangu kiharusi: mwanawe, daktari, huyu mama mwenye roho safi aliyekuwa akiinua wake pia, hata mimi, ninayekaa ubavuni mwake na kumlisha habari, mgongo wangu kwa mlango na macho yangu kwenye chai. Alikuwa akisema neno moja tu, kwa lugha ya watu wawili, katika nyumba ambayo yule wa pili alikuwa mgeni.

Baadaye alitaka kusema jingine. Nilijua kwa sababu alishusha mkono akatazama ule wa kulia, ule uliokufa. Alitaka neno la mikono miwili. Nikaenda nikauinua kwa mikono yangu, mzito, wa baridi. Kuuinua niliweza, lakini niupeleke wapi? Nikaupeleka juu, akatikisa kichwa. Nikaupeleka kando, akatikisa kichwa. Mpaka akafumba macho akachoka, na neno lile sikulipata mpaka leo.

Mwanawe akarudi kutoka zamuni. Mama yake alipomwona akainua mkono tena, wima. Yeye akamwamkia, akamwamkia tena kwa busu la kichwani, kisha akaushika ule mkono taratibu akaushusha, akaufunika kwa shuka.

"Asichoke," akaniambia. "Ni mishipa tu, inajivuta yenyewe. Haya, Mama Mkubwa. Vipi, yumo?"

Na hapo ndipo nilipokuwa na kazi. Maana jibu la kweli lilikuwa neno moja, "Yumo," na neno hilo peke yake lingembakisha. Alikwisha kuapa. Nisingesema uongo hata kidogo. Ningekuja kila siku kwa basi na treni, ningesimama dirishani na miiko, na jioni nisingekuwa mtu wa kusikiliza kiyoyozi. Lugha yetu hakuna anayeijua duniani ila sisi wawili, na mmoja hana sauti. Nani angeniuliza?

"Yumo," nikasema.

Akaketi chini palepale kwenye zulia, na viatu vyake vya kazi. "Wallahi?"

"Wallahi. Anajua mtu. Amekwisha kunicheka."

Yule mtoto akalia, mtu mzima na ndevu zake, kichwa kwenye goti la mama yake. "Basi hatoki. Khalas. Hatoki hapa, Mama, umesikia? Hutoki."

Mdogo wangu hakumtazama. Alinitazama mimi. Na chini ya shuka nikaona mkono unatafuta njia ya kutokea.

Nikachukua miiko nikaenda nayo jikoni. Nikaiosha, ingawa haikuwa michafu. Nikaifuta. Kule sebuleni alikuwa bado anasema hutoki, hutoki, kwa furaha, na mimi nikawaza juu ya mama yetu na kikombe chake kisichorudishwa. Safari ile nilikuwa mtoto na sikuwa na kauli. Safari hii kauli ninayo, na ni mimi peke yangu niliye nayo.

Nikarudi. "Inuka, nisikilize," nikamwambia. "Mama yako yumo, na anasema anataka kurudi kwao."

"Nani kasema?"

"Yeye. Huo mkono unaoufunika si mishipa. Tangu ameugua anakuambia."

Akanitazama kama kiharusi kimenipata na mimi. Nikamletea kitabu, nikamfunulia ukurasa, nikamweleza vipepeo na shangazi na dirisha. Yule mama wa Nyeri akajishika mdomo. "Ai! Na mimi naimba haleluya!"

Mtoto akamgeukia mama yake. Akaondoa shuka mwenyewe. "Mama, unataka kwenda?"

Mkono ukapanda, wima, ukakaa.

"Lakini kwetu wapi?" akaniuliza. "Nyumba iliuzwa. Zote mbili ziliuzwa."

"Hilo mimi sijui. Mtafutie chumba Mji wa Kale, kwa binti wa binamu yangu, siyo kwa mtu wa kukodi. Na dirisha litazame njia. Usimweke uani."

"Na wewe, Mama Mkubwa? Wewe ndiye uliyekuwa hutaki."

"Mimi nampokea mtoto wa shule," nikasema. "Na usilie tena. Lia ukishakata tiketi."

Mdogo wangu aliondoka kabla ya joto kushika. Nilikwenda kumuaga Al Garhoud, uwanja wa ndege sikwenda. Nilitaka kumpa kitabu akiweke mapajani ndani ya ndege. Nikakitia mkononi mwake, akakisukuma. Nikakirudisha, akakisukuma tena, kwa nguvu, mpaka kikaanguka na jalada likafunguka pale penye kisigino cha kaka. Basi nikakichukua. Labda alitaka nisisahau maneno, au hakutaka mzigo. Yule mama wa Nyeri alipata kazi nyingine siku chache baadaye, kulea mapacha. Bado ananipigia simu. Bado ananiita shosho.

Sasa, mtoto akishaingia kwenye basi, napiga simu ya picha Mombasa. Binti wa binamu anaiegemeza kwenye mtungi, anaenda zake jikoni. Namwona mdogo wangu kando ya dirisha lenye nondo, ubavu mmoja gizani. Nasikia mkokoteni, muuza maji, watoto wa chuoni wanasoma kwa pamoja. Mimi narudi nyuma hatua chache mpaka mwanga wa kwangu uwe mgongoni, nashika mwiko, nashusha mkono kando ya paja. Yeye naye anashusha wake. Ule wa juu hajauinua tena hata siku moja tangu afike.

Hatuna mengi zaidi ya hayo, mkono mmoja hausemi mengi. Wakati mwingine analala simu ikiwa wazi, nami naendelea kumenya vitunguu hapohapo, namsikia akikoroma, na ng'ambo ya kioo changu ni majengo mengine yenye vioo na hakuna mtu dirishani.

Mkono wangu unataka kupanda. Sisemi uongo, kuna asubuhi unapanda wenyewe mpaka usawa wa bega, naurudisha. Mimi siuinui mbele yake. Nilisimama ng'ambo ya njia nikautazama mkono ule juu, nami sina la kufanya, na ninajua unavyomkaa mtu. Yeye pale alipo hawezi kunitoa hapa. Kwa hiyo nashusha tu, picha ya kwanza, namwambia nipo. Kisha nafunga kitabu kwa kanga yake, na mchana nateremka kumngoja mtoto.